Jinsi ya kusoma yale majina ya Mwanzo 10 bila kuruka, tulivyofanya sisi hapa Moshi

Hapa Moshi ukimwambia mtu mzima kwamba wewe ni Mushi bado hajamalizana na wewe, atakuuliza Mushi wa wapi, wa Kibosho au wa Machame, alafu babu yako ni nani, mama katokea upande gani, na ukishajibu maswali matatu manne hivi unamwona uso unabadilika, anakwambia "kumbe we ni mjukuu wangu!" na kuanzia hapo hamuongei tena kama wageni. Sasa mtu huyo huyo Alhamisi jioni tukiwa kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, tukifika Mwanzo sura ya 10 anasema jamani haya majina magumu tuyaruke twende kwenye mnara wa Babeli. Hili limenikaa moyoni muda mrefu, kwa sababu ile sura inafanya kile kile anachokifanya yeye pale stendi au msibani, inauliza huyu ni nani kwetu. Ukiisoma na hilo swali kichwani inafunguka. Kwahiyo naandika hapa tulivyofanya kwenye kikundi chetu, mtu akitaka na yeye afanye na wenzake.

Vitu vya kuandaa sio vingi. Nunueni manila moja kubwa kwenye steshenari, makapeni za rangi tatu, muwe na Biblia mbili tofauti, ile ya Muungano ya 1952 na nyingine yoyote ya lugha ya sasa mlinganishe, na mmoja wenu awe na simu yenye ramani na bando la kutosha. Watu wawe wanne mpaka kumi, wakizidi hapo wengine wanaanza kusinzia. Na kama mna mzee au bibi mnayeweza kumwomba aje, mleteni, nitasema kwanini.

Kwanza kabisa someni sura ya 10 yote kwa sauti, kwa kupokezana, majina mkiyatamka mlivyoweza, hakuna kucheka mtu. Msisimame kuuliza maswali. Mnachosikiliza ni kiitikio, maana ile sura ina kiitikio kama pambio: kwenye mstari wa 5, wa 20 na wa 31 inarudia karibu maneno yale yale, kwamba hawa waligawanyika kwa jamaa zao, kwa lugha zao, katika nchi zao, katika mataifa yao. Hivyo vitu vinne, jamaa, lugha, nchi na taifa, viandikeni juu kabisa kwenye manila kwa herufi kubwa, kwa sababu ndo kipimo ambacho mwandishi mwenyewe ametupa. Angalia hajaweka rangi ya ngozi hapo. Hajaweka akili, wala nani bora kuliko nani. Mi nilisoma Biblia miaka mingi sijaliona hilo.

Baada ya hapo mnachora. Noa juu, chini yake matawi matatu, Shemu, Hamu na Yafethi, kila tawi rangi yake. Andikeni majina yote, msichague. Mkimaliza hesabuni: Yafethi watatoka 14, Hamu 30, Shemu 26, jumla 70. Ukipata 71 ujue umemweka Nimrodi, yule anasimuliwa kama mtu shujaa mwenye miji yake, kwa hesabu ya zamani hawamjumlishi, na Wafilisti wao wanahesabiwa. Hiyo 70 sio bahati, ni namba ya ukamilifu kwa Waebrania, nyumba ya Yakobo iliyoshuka Misri nayo ilikuwa watu 70 (Mwanzo 46:27) na Yesu kwenye Luka 10 anatuma wanafunzi 70, ingawa nakala nyingine zinasema 72. Kwahiyo mwandishi hafanyi sensa ya kila kabila duniani, anasema hawa 70 ni dunia nzima niijuayo mimi na wote ni wa nyumba moja.

Hatua inayofuata ndo watu wanashangaa zaidi. Chukueni jina moja moja muulize, hili ni la mtu, la mji, la kabila au la nchi? Mtaona vyote vimechanganyika. Kanaani anamzaa Sidoni, na Sidoni ni mji, upo mpaka leo Lebanoni unaitwa Saida. Hamu anamzaa Misri, na Misri ni nchi, tena kwa Kiebrania lile jina lina umbo la vitu viwili, inavyodhaniwa ni ile Misri ya juu na Misri ya chini. Alafu Misri naye anazaa Waludi, Waanami, Wakaftori, wote wana "Wa-" mbele, sasa mtu mmoja anazaaje Wa-? Baada yao wanakuja Myebusi, Mwamori, Mhivi, hayo ni makabila kabisa kama mtu kusema Mpare, Msambaa, Mchaga.

Hapo kwenye kikundi chetu kuna binti aliuliza kwani Biblia imekosea, na mzee mmoja wa Machame tuliyemwalika ndo alimjibu vizuri kuliko mimi. Alisema mjukuu wangu, njoo kihambani kwangu, shamba letu la ukoo, nikuonyeshe yale masale, mimea ya mpakani, nitakwambia "sisi tulishuka hapa tukapanda haya masale tukachimba na ule mfongo, mfereji wa maji", na mimi wakati huo hata baba yangu alikuwa hajazaliwa. Nikisema "sisi" nasema ukoo, nikitaja jina la babu wa kwanza nawataja na wote waliotoka kwake. Yule binti alielewa palepale. Kwenye vizazi vya Biblia pia "kumzaa" ni neno pana, linaweza kuwa baba na mwana wa kumzaa mwenyewe, linaweza kuwa babu na kitukuu, linaweza kuwa mji mama na watu waliotoka pale wakaenda kujenga kwingine. Usilazimishe moja, angalia jina lenyewe linakwambia nini.

Sasa fungueni ramani kwenye simu, na hapa msiwe na haraka, mi naona ndo sehemu tamu kuliko zote. Anzeni na Yavani mwana wa Yafethi. Sisi kwa Kiswahili tunasema Wayunani, Kiyunani, na hilo neno tulilipata kwa Waarabu, nao wanawaita hivyo kwa sababu ya Waionia, wale Wagiriki wa pwani ya Uturuki ya leo, na Yavani ni hao hao. Yaani jina la Mwanzo 10 unalo mdomoni kila mchungaji akisema "kwa Kiyunani neno hili lina maana". Kitimu mwana wa Yavani ni Kipro, kulikuwa na mji Kition pale ilipo Larnaca sasa. Madai ni Wamedi, huko Irani. Gomeri ni wale ambao kumbukumbu za Waashuru zinawaita Gimirrai. Tubali na Mesheki ni ndani ya Uturuki. Ukiwaweka alama kwa rangi moja unaona tawi la Yafethi limekaa kaskazini na magharibi, kwenye visiwa na pwani.

Rangi ya Hamu inashuka kusini: Kushi ni nchi iliyo kusini mwa Misri, Sudani ya leo kwa sehemu kubwa, Putu kwa kawaida wanaiweka Libya, Kanaani ni pwani ya Lebanoni na Palestina. Hethi aliye chini ya Kanaani anatajwa kama babu wa Wahiti, watu ambao zamani wasomi wengine walikuwa wanasema hawakuwa na maana yoyote kwenye historia, mpaka ulipochimbwa mji wao mkuu Hattusa kuanzia 1906 kule Boğazköy, Uturuki, vikatoka vibao vya udongo vyenye maandishi kwa maelfu na ikaonekana ilikuwa dola kubwa. Kwa Nimrodi kuna Ereku, ndo Uruk, magofu yake yako kusini mwa Iraki, na Ninawi uko ng'ambo ya mto na mji wa zamani wa Mosul. Ila Akadi mpaka leo mahali pake halisi hapajapatikana, hapo wekeni alama ya kuuliza muendelee.

Tawi la Shemu nawaomba mtafute jina moja tu kwa makini, Hasarmawethi, mstari wa 26, mwana wa Yoktani. Lisome polepole. Hasar-maweth. Ni Hadhramaut, ile ya Yemeni! Na Hadhramaut sio mbali na sisi, wale Washihiri ambao babu zao walikuja na majahazi Mombasa, Unguja, Lamu, wengine wakapanda mpaka huku bara na maduka yao, wametoka huko, wameitwa Washihiri kwa mji wa bandari wa Shihr. Kwahiyo kuna mtu umenunua kwake kitenge au mchele, na nchi ya babu yake imeandikwa kwenye Mwanzo 10 kwa jina ambalo halijabadilika sana mpaka leo. Siku tumeligundua hili mtu mmoja aliinuka akasema natoka kidogo nikapige simu, akampigia rafiki yake Mwislamu mwenye asili ya huko akamsomea ule mstari kwenye simu.

Mkishajaza ramani mtaanza kukutana na vitu visivyokaa sawa, na nawaambia msivifiche. Elamu ni mwana wa Shemu lakini lugha ya Kielamu haina undugu na Kiebrania hata kidogo. Kanaani ni mwana wa Hamu lakini Kikanaani na Kiebrania ni kama mtu na mdogo wake. Sasa inakuwaje? Sisi wa huku tunalo jibu mlangoni. Pandeni gari hapa kwenda Arusha, kwenye ule mlima Meru kuna Wameru na kuna Waarusha, wote wanalima migomba, wamepakana kabisa. Mmeru akiongea lugha yake Mmachame anaokota maneno mengi tu, ni lugha za familia moja. Mwarusha akiongea ni Kimaasai, japo maisha yake ni ya mkulima wa mlimani. Kwahiyo ukipanga watu kwa lugha unapata makundi haya, ukipanga kwa nchi na shughuli unapata mengine, ukipanga kwa koo ndo kabisa, maana hata sisi tunaoitwa Wachaga kuna koo zinasema zilitoka Ukambani, nyingine Upare, nyingine Umasaini, na kwa muda mrefu kila mtu alijiita kwa mangi wake, yaani chifu wake, Mmachame, Mkibosho, Mmarangu. Mwandishi wa Mwanzo alikuwa na vipimo vinne na hakuahidi kwamba vyote vinne vitaenda pamoja kila mara.

Mfano mzuri zaidi ni Sheba. Anatajwa mstari wa 7 chini ya Hamu kupitia Kushi na Raama. Anatajwa tena mstari wa 28 chini ya Shemu kupitia Yoktani. Alafu nendeni Mwanzo 25:3 mkute Sheba tena, mjukuu wa Ibrahimu kwa Ketura. Mara tatu! Wengine wanasema ni Sheba watatu tofauti na inawezekana. Mi naona pia jambo lingine, kwamba Sheba ni Yemeni na Bahari ya Shamu pale chini ni nyembamba, na watu walikuwa wanavuka, kule Yeha nchini Ethiopia kuna maandishi na hekalu la mtindo wa Kisheba mpaka leo. Watu wa namna hiyo ukiwauliza wa nani watakutajia pande zote, kwa baba, kwa mjomba, kwa bibi, na hawajadanganya.

Sasa hii nayofuata msiifanye mwisho watu wakiwa wamechoka, ipangieni jioni yake peke yake. Ni ile inayoitwa laana ya Hamu.

Kwetu ilianza hivi. Kijana mmoja dereva bodaboda, huwa anakuja akichelewa maana anamalizia abiria, alikaa nyuma akasikiliza weeee alafu akasema, "Mwalimu, mi nilishafundishwa hii, sisi weusi ni wa Hamu, tulilaaniwa, ndo maana tuko hivi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anasema leo kuna mawingu. Nikamwambia mdogo wangu, chukua Biblia yako mwenyewe usome Mwanzo 9:25 kwa sauti. Akasoma, "Na alaaniwe Kanaani." Nikamwambia rudia jina. "Kanaani." Nani amelaaniwa? Akanyamaza. Akarudi juu mstari wa 22, akashuka tena wa 25, nilimwona kidole kinapita kwenye mistari taratibu, akasema "Hamu hajalaaniwa hapa." Nikamwambia sasa nenda 10:6 nisomee wana wa Hamu. Kushi, Misri, Putu, Kanaani. Wanne. Wa Afrika hapo ni akina nani? Kushi, Misri na Putu, na hakuna hata mmoja kati yao kwenye ule mstari wa laana. Kanaani alikaa pwani ya Lebanoni na Palestina na tumempaka rangi pale kwenye manila unamwona. Akaangalia ile manila muda mrefu sana.

Fundisho la kwamba Hamu ndo alilaaniwa na kwamba laana ni weusi halimo kwenye maandishi, lilitumika kuhalalisha biashara ya watumwa. Na halikuishia hapo. Mwaka 1863 yule mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu akieleza kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu hawawezi kuwa wa hapa, lazima walitoka Ethiopia, damu nyingine, na wazungu waliofuata wakaiita hiyo damu ya Kihamu, wakageuza jina la Hamu kuwa jina la "watu bora" waliokuja kuwatawala wenzao. Kule Rwanda wakoloni wakawafundisha Watutsi kwamba wao ni hao Wahamu na Wahutu kwamba hawa ni wageni. Sisemi hilo peke yake ndo lilileta mauaji ya kimbari ya 1994, yalikuwepo mengi, lakini lile neno "mgeni, rudi ulikotoka" lilitumika kuchochea mauaji, na miili ilibebwa na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Mahakama ya kimataifa iliyohukumu wapangaji wa mauaji yale ilikaa hapo Arusha, kwenye jengo la mikutano la AICC, kesi zikaendelea mpaka ilipofungwa 2015. Sio mbali, ni safari ya saa mbili hivi kutoka hapa nilipokaa. Ndo maana mtu akiniambia majina ya Mwanzo 10 hayana umuhimu siwezi kukubali, watu wameuawa kwa majina haya yakisomwa vibaya.

Baada ya hiyo jioni wapeni watu Kushi aliye hai. Mke wa Musa Mkushi, Hesabu 12, na angalia Mungu anamkasirikia nani pale. Tirhaka mfalme wa Kushi, 2 Wafalme 19:9, ni Taharqa, aliitawala Misri na Kushi kuanzia 690 kabla ya Kristo na piramidi yake iko Nuri, Sudani. Ebedmeleki Mkushi, Yeremia 38, alimtoa nabii shimoni kwa kamba, na kwanza akamtupia matambara aweke kwapani zisimchubue. Hayo matambara mi huwa yananigusa sana, mtu aliyewaza hata kwapa za mfungwa.

Kuna kitu watu wataleta lazima, nacho ni kutafuta Wachaga wako wapi kwenye orodha. Kila mwaka kuna mtu anakuja na maelezo kwamba sisi ni kabila lililopotea la Israeli, au Wapare ndo wenyewe, na ushahidi ni neno moja linalofanana. Wabantu hawatajwi Mwanzo 10, wala Wachina, wala Wahindi wa Marekani. Orodha inaishia pale macho ya mwandishi yalipoishia, toka Irani mpaka bahari ya Wagiriki, toka Uturuki mpaka Yemeni na Sudani. Msichore mstari ambao hamna. Paulo alipotaka kuwaambia watu wa Athene habari ya mataifa yote (Matendo 17:26) hakuanza kutaja makabila, alisema tu kwamba Mungu alifanya kila taifa kutoka kwa mmoja.

Kwa wiki za mbele endeleeni na majirani wa Israeli, hizo orodha ni fupi. Mwanzo 19 mwishoni, Moabu na Amoni wametoka kwa Lutu. Mwanzo 25, wana 12 wa Ishmaeli, na Midiani kwa Ketura. Mwanzo 36, Edomu, wana wa Esau. Alafu msiishie hapo, fungueni Kumbukumbu 2 muone undugu unafanya kazi gani kwenye ardhi: Israeli wanapita na jeshi zima, wanaambiwa nchi ya Esau usiguse hata pa kukanyaga mguu, ya Moabu usiguse, ya Amoni usiguse, hao ni ndugu zenu na nimeshawapa, chakula mtanunua kwa fedha na hata maji ya kunywa mtanunua. Mtu aliyekulia kwenye kihamba chenye mgogoro wa mpaka na zamu ya maji ya mfongo hahitaji kufafanuliwa sana, yule mzee wetu aliposikia ule mstari wa maji aligonga fimbo chini akasema "soma tena hapo".

Mathayo 1 na Luka 3 zina kazi yake na ni ndefu, nitasema moja tu. Mathayo anapanga kumi na nne kumi na nne mara tatu, na ili zitimie ameruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia, ambao ni Ahazia, Yoashi na Amazia. Luka naye ana Kenani kati ya Arfaksadi na Sala ambaye kwenye Mwanzo 11 ya Biblia yako hayupo. Kwahiyo usichukue miaka ukajumlisha ukasema umepata tarehe ya kuumbwa dunia. Mwombe mzee au bibi wa kikundi ataje babu zake kwa mpangilio, mmoja aandike, wiki inayofuata ataje tena, mtaona amemruka mmoja, na ukimuuliza atakwambia huyo hakuacha mtoto au alihamia mbali.

1 Mambo ya Nyakati iacheni mwisho, zile sura 9 za kwanza ni majina matupu na mkianzia hapo kikundi kitakufa. Lakini mkiwa mmezoea zina uzito, kwa sababu ziliandikwa kwa watu waliotoka uhamishoni Babeli wanarudi nyumbani, wengine hawajui shamba la baba lilikuwa wapi. Zisomeni pamoja na Ezra 2. Kuanzia mstari wa 59 kuna watu 652 waliopanda kurudi na hawakuweza kuonyesha ukoo wao wala kama walikuwa wa Israeli, na wanaofuata ni makuhani waliotafuta majina yao kwenye orodha wasiyaone, wakasimamishwa huduma kwanza. Wale 652 walihesabiwa. Wameandikwa kwa miji waliyotokea, Telmela, Telharsha, na idadi yao ipo hapo kwenye mstari wa 60, mnaweza kuifungua muiangalie.